Meno Matatu ya Fundi Kimya

Shangazi yangu hakuwa mkimya hata kidogo. Naliweka hilo mbele kwa sababu mtaa mzima ulimwita Fundi Kimya, na mpaka leo wapo watu wanaoapa kwamba hawajawahi kusikia sauti yake. Maneno alikuwa nayo, tena mengine makali ya kumtoa mtu mzima machozi. Ila saa za kazi mdomo wake ulikuwa umejaa misumari, na saa za kazi kwake zilikuwa karibu siku nzima.

Alikuwa fundi makochi. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa kisikunjike, wa kulia umeshika nyundo, sasa msumari ushikwe na nani? Babu alimfundisha kama yeye naye alivyofundishwa: unatia konzi nzima ya misumari midogo kwenye shavu la kushoto, ulimi unausukuma mmoja mpaka mbele, meno yanaubana kichwa kikiwa nje, na nyundo yenye sumaku kwenye ncha inaudaka. Unapiga, unarudi mdomoni, unadaka mwingine. Ukimtazama shangazi akizunguka kiti namna hiyo ungedhani nyundo inambusu. Mteja akianza kulia bei, yeye hujibu "mm." Akilia zaidi, anajibiwa "mm-mm." Hakuna aliyewahi kumshinda, maana utabishana vipi na mtu asiyebishana?

Baba yangu ni mdogo wake wa pekee. Macho ya babu yalipoanza kufifia, ilibidi mmoja wa watoto ashike nyundo ili mwingine asome. Shangazi ndiye aliyekuwa na alama nzuri zaidi, hilo hata baba hakatai, husema mwenyewe kwenye sherehe watu wakacheka. Lakini aliyeacha shule ni shangazi. Akapigilia makochi, viti vya ofisi, viti vya kanisa na vya ukumbi wa sinema, na baba akasoma mpaka akawa daktari wa meno. Sitii chumvi hapa. Karo yote ilipita kwenye shavu lile la kushoto.

Baba alipofungua kliniki yake, shangazi alimtengenezea viti vyote vya chumba cha kungojea, vya rangi ya kijani, misumari imepangwa mstari mmoja ulionyooka kama uzi. Mimi nilipomaliza shule nikawekwa mapokezi, na hapo ndipo nilipomjua baba kwa jina ambalo wagonjwa walimpa. Walimwita Daktari Maswali. Hagusi jino kabla hajakuuliza: unatafunia upande gani, unalalia upande gani, unasaga meno usingizini, unafanya kazi gani, maumivu yalianza lini, na pengo hili nani alikung'oa na alikwambia kwa nini. Siku moja mzee mmoja alitoka kwenye chumba cha matibabu akiwa ameshika shavu, akaniambia, "Binti, nimekuja kung'oa jino, baba yako ananihoji utadhani nimekuja kuposa." Tulicheka sana. Nilijivunia baba, nisiwe mwongo.

Sasa sikiliza. Watu wa nje wanapita mlango wa mbele, wanakaa, wanaitwa, wanaulizwa. Ndugu wanapita mlango wa nyuma jioni, wagonjwa wakishakwisha, na ndugu hawaulizwi kitu. Ndivyo ilivyo kwetu. Kumkalisha ndugu kwenye foleni ni kumtukana, na kumhoji kazi yake na usingizi wake ni kujifanya humjui. Binamu zangu wote waling'olewa hivyo. Unaonyesha kwa kidole, unafungua mdomo, unarudi nyumbani na pamba.

Shangazi naye alikuja jioni moja akiwa ameshika shavu. Nilikuwa nafunga madirisha.

"Daktari," alisema, maana alipenda kumwita hivyo hata wakiwa wawili, "hili jino litaniua."

"Lipi, dada?"

"La huku nyuma. Linavuta mpaka sikioni, na kichwa kinagonga upande mzima."

"Fungua." Baba akachungulia, akagongagonga kwa chuma. "Hapa?"

"Hapo hapo."

Sindano ya ganzi, koleo, pamba. Walikuwa wanazungumza habari za paa la nyumba ya babu wakati jino linatoka. Baba alimwambia asitie misumari mdomoni mpaka kidonda kikauke, na shangazi, asiyetupa kitu, akalichukua jino lake akaenda kulitia kwenye kopo la misumari iliyopinda.

Maumivu yakatulia. Baba akafurahi. "Unaona?" alimwambia mama mezani. "Kumbe lilikuwa lile." Kidonda kikakauka, shangazi akarudi kwenye misumari yake, na baada ya muda maumivu yakarudi. Safari hii yakawa kwenye jino la jirani. Akapita tena mlango wa nyuma. Baba akang'oa tena, akakataza misumari tena, maumivu yakatulia tena, na baba akafurahi tena. Na la tatu hivyo hivyo. Kila mara shangazi alikuwa anapumzisha taya, na kila mara sifa ilikwenda kwenye koleo. Jambo hili mtoto wa shule angeliona kama angeuliza swali moja tu, na nyumba nzima inajua ni nani bingwa wa maswali.

Wakati huo taya lake lilikuwa limeshaanza kulia. Akitafuna, lilitoa mlio mbele ya sikio, mkavu, unaousikia hata ukiwa umekaa upande wa pili wa meza. Watoto walikuwa wanamwomba autoe tena. Karanga alizozipenda akaziacha, nyama akawa anaikata vipande vidogo kama vya mtoto mchanga. Nilimshauri aende kwingine akatazamwe. Baba alinisikia.

"Dada yangu akaonekane kwenye foleni ya daktari mwingine?" aliniuliza. "Unataka watu wanitazame vipi?"

Shangazi akamtetea. "Mwache. Anajua anachofanya." Akanifinya kidogo mkononi, kama mtu anayeficha aibu ya mwingine.

Baba alipanga kung'oa la nne. Bahati, au sijui niite nini, akasafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari wenzake. Asubuhi moja shangazi akaamka mdomo haufunguki. Kijiko hakipiti. Nilimkuta amekaa kwenye kiti alichokuwa anakitengeneza, springi zote ziko nje, na yeye machozi yanamtoka bila sauti. Nikamchukua, sikumwomba mtu ruhusa, nikampeleka hospitali kubwa. Tulipita mlango wa mbele. Tulikaa kwenye benchi la mbao lisilo na hata godoro, shangazi akalipapasa, akatikisa kichwa kwa jinsi lilivyopigiliwa vibaya.

Aliyemwona alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, mtaalamu wa taya. Hakushika chuma chochote. Aliweka vidole vyake mbele ya masikio ya shangazi, akamwambia ajaribu kufungua, ajaribu kusogeza pembeni. Akabonyeza mashavu, pembeni mwa macho, shingo, na kila alipobonyeza shangazi aliruka. Kisha akavuta kiti.

"Mama, unafanya kazi gani?"

Shangazi hakuweza kusema vizuri. Akatoa misumari mfukoni mwa aproni, maana alikuja nayo hivyo hivyo, akaitia shavuni, akausukuma mmoja mpaka mbele ya meno. Akaubana na kusogeza taya kushoto kama afanyavyo siku zote. Alifanya hivyo na maumivu yale yale, ili aeleweke. Yule mama alimtazama, akamwekea kiganja chini ya kidevu.

"Tema," alisema taratibu. "Tema, mama. Usiitie tena maisha yako yote."

Alitueleza kwa lugha ya kawaida. Hapa mbele ya sikio pana kiungo, kama cha goti, na katikati yake pana kisahani laini kinachoteleza mdomo ukifunguka. Cha shangazi kilikuwa kimesukumwa kikatoka mahali pake, na misuli imekaza kwa kubana miaka nenda miaka rudi. Maumivu ya misuli hiyo hujifanya ya jino. Nilimuuliza kama atapasuliwa. Akasema hapana, wengi hupata nafuu bila kisu, ila wawe na subira na watii.

Dawa yake ilionekana ndogo mpaka nikaona aibu. Vidonge vya kutuliza uvimbe, kwa muda mfupi tu. Kitambaa cha maji ya moto kwenye shavu. Chakula laini. Kupiga miayo huku umezuia kidevu kwa ngumi. Ulimi ukae juu kwenye kaakaa, midomo ifungwe, lakini meno ya juu na ya chini yasigusane isipokuwa wakati wa kula. Na mazoezi mbele ya kioo: fungua polepole, ulimi usiachie kaakaa, taya lishuke wima bila kukimbilia kushoto. Mwisho kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa kwenye meno usiku, kinachotengenezwa kwa kipimo cha mdomo wako.

Hapo kwenye kipimo ndipo palipoharibika. Yule mama alichungulia, akachungulia tena. "Upande huu kifaa hakina pa kukaa. Haya ya nyuma yalitolewa kwa nini?"

"Yalikuwa yanauma," shangazi alisema.

Tuliporudi kwa mara ya pili shangazi alibeba lile kopo. Akamwaga mezani misumari iliyopinda pamoja na meno yake matatu. Yule mama akayageuzageuza chini ya taa, akayaweka moja moja kwenye karatasi. Hayakuwa na tundu, hayakuwa na ufa, mizizi ilikuwa mizima. Hakuuliza nani. Alisema tu kwamba yangekuwepo, kazi ingekuwa rahisi na taya lingepata pa kuegemea, na kwamba sasa itachukua muda mrefu na huenda lisirudi lote. Shangazi akayarudisha kwenye kopo. Njiani kurudi hakusema neno, na mdomoni hamkuwa na msumari hata mmoja.

Baba aliporudi nilimfuata mwenyewe. Nilikuwa nachemka.

"Baba, meno ya shangazi yalikuwa mazima."

"Yalikuwa yanamuuma."

"Ulipiga picha?"

"Picha ya nini? Dada yangu namjua toka tumbo moja."

"Ulimuuliza chochote?"

Mama akaingilia kati. "Usimvunjie baba yako heshima ndani ya nyumba yake. Alimtibu kwa mapenzi, tena hakumtoza kitu." Na baba, aliyekuwa ananitazama bila kupepesa, akainua gazeti. Nilitaka kulichana. Siku hiyo nilimchukia baba yangu, na sitalipaka sukari neno hilo.

Habari zikaenea kwa ndugu, na ndugu wakafanya kazi yao, yaani kumwambia aliyeumizwa anyamaze. Walikuja mmoja mmoja kwenye karakana. Yameshapita. Ni mdogo wako. Utamtia doa, ana wagonjwa, watu watasemaje. Shangazi alikuwa anawasikiliza akipigilia kwa mtindo mpya, misumari iko kwenye kifuniko cha kopo kilichofungwa kiunoni, anaokota mmoja, anaweka, anapiga, anaokota. Kiti kilichokuwa kinamalizika kwa siku moja sasa kinalala. Na wateja, kwa kuwa mdomo sasa uko wazi, wakagundua anaongea. "Kumbe Fundi una sauti!" Akaanza kubishana nao bei, na kushindwa, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Nilimuuliza anataka nini hasa. Nilikuwa tayari kwenda naye popote, kwa wakubwa wa madaktari, popote.

"Sitaki kwenda mahali," alisema. "Nataka aseme kwa mdomo wake kwamba alikosea. Basi. Nitambeba tena hata leo."

Akaendelea na mazoezi yake. Kila asubuhi mbele ya kioo kilichopasuka kona, ulimi juu, kidevu kinashuka polepole. Mwanzoni kidole kimoja tu kiliingia kati ya meno yake, kikakaa kwa shida. Vikawa viwili. Kichwa kikaacha kugonga, akaanza kulala. Mlio haukuisha, ila ulipungua, na upande wa kushoto wa uso ukabaki umeinama kidogo, kama nyumba iliyong'olewa nguzo. Kila alipokutana na baba kwenye shughuli za ndugu, baba alimuuliza, "Unaendeleaje, dada?" na kabla hajajibu akageukia mwingine.

Kisha siku moja, kliniki imejaa, nikaona mlango wa mbele unafunguka na shangazi anaingia. Amevaa gauni lake la harusi za watu na viatu vya kufunga. Nikasimama nimpeleke nyuma. Akanikataza kwa jicho.

"Nipe namba kama wengine," alisema.

Akakaa kwenye kiti cha kijani alichokipigilia yeye, kati ya kijana aliyevimba shavu na mama mwenye mtoto. Akatelezesha kidole kwenye mstari wa misumari, mpaka mwisho wa mkono wa kiti, akarudi. Baba alitoka kumwita mgonjwa, akamwona, akatabasamu lile tabasamu lake la sherehe. "Dada! Mbona huku? Pita ndani."

"Nangoja zamu yangu, Daktari."

Watu wakatazamana. Baba akaingia ndani, na wagonjwa waliofuata walitoka upesi kuliko kawaida. Zamu ya shangazi ilipofika aliingia akaacha mlango wazi, na baba hakuthubutu kuufunga mbele ya watu. Meza yangu iko pale pale, nilisikia na niliona kila kitu.

"Kuna nini tena, dada?"

"Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Yale unayowauliza watu. Yote. Nimekuja na nauli yangu na nimekaa kwenye foleni, nami nina haki ya kuulizwa."

Baba akacheka kidogo, akaona hachekewi. Akavuta kiti.

"Haya. Unatafunia upande gani?"

"Wa kulia. Wa kushoto sina meno."

Akakohoa. "Unalalia upande gani? Unasaga meno usingizini?"

"Chali. Nimefundishwa hospitali. Na sisagi."

"Unafanya kazi gani?" Aliliuliza haraka, kama mtu anayevuka barabara.

"Fundi makochi. Misumari nilikuwa naweka mdomoni, shavu hili hapa, toka nilipoacha shule."

Kijana aliyevimba shavu alikuwa ameacha kujishika, anasikiliza. Baba akaendelea. "Maumivu yalianza lini?"

"Mwaka ule ulipoingia chuo," shangazi alisema. "Nilikuwa na viti vya ukumbi mzima wa sinema, na walivitaka upesi, nawe ulitaka karo upesi. Ndipo taya lilipoanza kulia. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na mitihani."

Baba aliangalia chini. Nilimwona, na naapa nilimwonea huruma, kwa mara ya mwisho. Maana lilikuwa limebaki swali moja, tunalijua wote, mimi na yeye na wagonjwa waliowahi kupita pale. Pengo hili nani alikung'oa, na alikwambia kwa nini. Shangazi alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, midomo imefungwa, na najua ndani meno yake hayakugusana. Alingoja. Alimpa nafasi kubwa kuliko aliyopewa yeye.

Baba akainuka. Akavuta glovu kutoka kwenye boksi, akazivaa, moja ikachanika, akachukua nyingine.

"Fungua mdomo nione," alisema. "Nitakutengenezea ya bandia, dada. Mazuri kabisa. Bure."

"Bado swali moja."

"Dada, watu wanangoja."

Shangazi akamtazama. "Ungenichukia kidogo tu," alisema, "ungenitibu vizuri." Akasimama, akanyoosha gauni, akatoka. Akafika mezani kwangu. Akaweka ile namba mbele yangu.

"Mwite anayefuata, mwanangu."

Nikamwita. Kijana aliyevimba shavu akaingia, akakaa, na baba akamuuliza anatafunia upande gani, analalia upande gani, anasaga meno usingizini, anafanya kazi gani, maumivu yalianza lini. Kisha akamulika taa mdomoni mwake, akaona pengo, na nikamsikia kwa sauti yake ile ile ya kila siku akimuuliza nani alimng'oa, na alimwambia kwa nini.